Kulihamisha trekta la zamani kutoka volti 6 hadi volti 12: mwongozo kamili kwa wenye matrekta Pemba na Unguja

Trekta dogo la petroli la miaka ya arubaini na hamsini ambalo bado linachimba ni mali kubwa kwa mwenye bonde la mpunga. Ferguson ya kijivu, ile TE20 iliyoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, na Ford 8N ya Marekani ya 1947 hadi 1952, ni mashine nyepesi, hazizami ovyo kwenye tope, na spana chache zinatosha kuzifungua. Kinachoyalaza matrekta haya chini ya mwembe mara nyingi si injini. Ni umeme. Ford 8N zilitoka kiwandani na volti 6, na Ferguson nyingi za mwanzo vilevile. Leo betri ya volti 6 yenye nguvu ya kuzungusha stata utaitafuta Chake, utaitafuta Wete, utavuka hadi Darajani, na ukiipata bei yake itakushitua. Betri ya volti 12 ipo karibu kila duka la vipuri.

Sababu ya pili ni bahari. Visiwa hivi ni vyembamba, upepo wa chumvi unafika kila shamba, na chumvi inakula viungo vya nyaya. Chukua taa ya wati 36. Kwenye volti 6 inavuta ampea 6. Kwenye volti 12 inavuta ampea 3 tu. Sasa kiungo kimoja kikiota kutu hata kikaleta ukinzani wa omu 0.1, kwenye volti 6 kinakula volti 0.6, yaani sehemu moja ya kumi ya umeme wote ulionao. Kiungo hichohicho kwenye volti 12 kinakula volti 0.3, ambayo haifiki hata asilimia 3. Kutu ni ileile, lakini hasara imekuwa ndogo kiasi kwamba taa inawaka vizuri na plagi inapiga.

Kazi yote imesimama juu ya kanuni moja, na ukiishika hutapotea hata kama trekta lako si mojawapo ya haya niliyoyataja: kila kinachotumia volti kibadilishwe au kipunguziwe, na kila kinachopitisha umeme tu kiachwe. Koili inayotengeneza cheche ya plagi, globu, honi na koili ya rilei (swichi ya stata inayoendeshwa kwa umeme) vinatumia volti. Swichi, kebo nene, pointi na kondensa zilizo ndani ya distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi), kifuniko chake na plagi vinapitisha tu. Stata iko katikati, na nitaieleza mahali pake.

Hakikisha kwanza una volti 6 kweli

Hesabu vifuniko vya maji juu ya betri. Vitatu ni volti 6, sita ni volti 12. Lakini usiishie hapo, kwa sababu matrekta mengine yana betri mbili za volti 6 zilizoungwa kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, na hilo tayari ni trekta la volti 12. Weka mita kwenye kebo mbili za mwisho: betri iliyojaa ya volti 6 inasoma karibu 6.3, na mfumo wa volti 12 unasoma karibu 12.6. Soma pia globu za taa na maandishi ya koili. Trekta la miaka mingi limepita mikononi mwa mafundi wengi, na si ajabu kukuta dainamo (kichaji betri cha zamani) ya volti 6, globu za volti 12 na koili isiyojulikana vikiishi pamoja.

Halafu jiulize kama tatizo ni volti kweli. Kama stata inazunguka kwa uzito, pima kebo za betri. Mara nyingi kebo nene ya asili ilishakatika zamani ikabadilishwa na kebo nyembamba ya gari la volti 12, na kwenye volti 6 kebo hiyo haiwezi kubeba mzigo. Mwenye trekta la namna hii akirudisha kebo nene na kusafisha athi, yaani kiungo cha kebo ya betri na chuma cha trekta, trekta linapona bila kubadilisha kitu kingine. Ukitaka kulihifadhi trekta kama lilivyotoka kiwandani, njia yako ni hiyo. Kama unalitaka kwa kazi ya kuchimba, kuburuga na kuvuta tela, endelea.

Chanya iliyofungwa kwenye bodi

Hapa ndipo vifaa vingi vinapoungua, kwa hiyo soma taratibu. Gari za siku hizi zote hasi imefungwa kwenye bodi. Ford 8N, na matrekta mengi ya Kiingereza ya zama hizo, yamefungwa kinyume: chanya iko kwenye bodi. Fuata kwa mkono ile kebo iliyokazwa kwenye chuma cha trekta mpaka ufike kwenye betri uone imeshika kichwa gani. Kama alama zimefutika, kichwa cha chanya ndicho kinene zaidi.

Altaneta, kichaji betri kinachochukua nafasi ya dainamo, ina dayodi ndani yake, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na dayodi hazisamehe. Ukifunga betri kinyume hata kwa kugusisha tu, zinaungua papo hapo. Kwa hiyo unapohamia volti 12 kwa altaneta, unahamia pia hasi kwenye bodi, vyote kwa pamoja. Mabadiliko yanayotokana na hilo ni machache. Koili inageuzwa nyaya zake. Ameta, yaani kipimo cha ampea, kama utaibakisha, inageuzwa nyaya zake, la sivyo itaonyesha betri inaisha wakati inachajiwa. Taa za globu hazijali. Na stata nayo haijali, jambo ambalo wengi hawaliamini: ndani yake umeme unapita koili za pembeni kisha koili za kati, na ukigeuza chanya na hasi vyote viwili vinageuka pamoja, mzunguko unabaki upande uleule.

Vifaa

Altaneta ndiyo ununuzi mkubwa. Ya mtumba ya Toyota ndogo, ya ampea 40 hadi 60 yenye regulata (kidhibiti cha volti) ndani, inatosha na kuzidi. Usitafute kubwa, trekta lenye taa mbili na koili moja halina kazi ya ampea 100, na altaneta kubwa inakaza mkanda bure. Mwambie muuzaji aizungushe na kuipima mbele yako kabla hujatoa pesa. Tazama puli yake. Nyingi za siku hizi zina puli pana ya mistari midogo midogo, nawe unahitaji puli ya mfereji mmoja wa V unaolingana na mkanda wa trekta. Puli inabadilishwa kwa kufungua nati moja, ila uipate hapohapo dukani, usije ukarudi nyumbani Micheweni ukakuta haiingii.

Dainamo ya zamani inaweza kulazimishwa kutoa volti 12 kwa kubadilisha regulata. Wapo wanaofanya hivyo. Mimi siipendi njia hiyo kwa trekta la kazi, kwa sababu injini ikiwa chini dainamo haitoi kitu, na trekta linalovuta tela usiku kwenye barabara ya udongo linakwenda taratibu muda mwingi.

Betri: ya ukubwa wa N50 inatosha kabisa kwa injini ya petroli ya ukubwa huu, na N70 kama kisahani kinachobeba betri kinaruhusu. Pima kisahani kwanza kwa futi, urefu, upana na kimo, maana betri inayochezacheza haifiki mwaka.

Koili ya volti 12 ya aina isiyohitaji rezista ya nje. Rilei ya stata ya volti 12, kama trekta lako linatumia rilei. Globu za volti 12. Swichi ya funguo kama ya zamani imelegea. Kisanduku cha fyuzi. Taa ndogo ya onyo ya volti 12, wati 2 au 3. Geji ya volti.

Na nyaya. Tafadhali usitumie waya wa nyumba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene unakatikia ndani ya ganda kwa mtetemo wa injini, na utazunguka siku nzima ukitafuta mahali ulipokatika wakati kwa nje unaonekana mzima. Nunua waya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ukipata ule wa vyombo vya baharini, ambao kila uzi umepakwa bati, lipa tofauti ya bei bila kusita. Milimita za mraba 6 kutoka altaneta hadi betri zinatosha kwa altaneta ya ampea 40 ikiwa njia ni fupi. Kwa ampea 60 chukua 10. Taa na swichi 2.5. Taa ya onyo na geji 1.5. Kebo za betri na stata bakisha zile nene za volti 6 kama bado ni nzima. Zilitengenezwa kubeba mkondo mara mbili, na kwenye volti 12 zitafanya kazi kwa raha.

Kufungua

Chagua wakati. Kiangazi cha baada ya mpunga kuvunwa ni kizuri. Wiki mbili kabla ya masika ni vibaya, kwa sababu kipuri kimoja kinachosubiri boti kutoka Unguja, Tanga au Dar es Salaam kinaweza kukukosesha msimu mzima wa kuchimba.

Toa kwanza kebo ya betri iliyofungwa kwenye bodi, yaani kwa trekta lako ambalo bado halijabadilishwa huenda ikawa ni ya chanya. Sababu ni hii: spana ikigusa chuma cha trekta wakati unafungua kebo ya athi, hakuna kinachotokea. Ukianza na ile nyingine na spana ikagusa bodi, unapata cheche kubwa juu ya betri inayotoa gesi.

Chora nyaya zote kabla hujakata hata mmoja. Piga picha kwa simu, lakini chora pia kwa mkono, kwa sababu kuchora kunakulazimisha kufuata kila waya mpaka mwisho wake. Funga kila ncha kitepu chenye jina. Kisha ondoa dainamo na lile boksi la regulata. Boksi hilo halitakiwi tena. Liache mahali pake tupu kama unapenda sura, lakini nyaya zake zote zing'oe. Waya wa zamani ulioachwa umening'inia siku moja utagusa bodi.

Breketi, puli na mkanda

Kazi hii ni ya mchomeleaji, nawe usimame pale ukiangalia. Breketi ya dainamo ilitengenezwa kwa bolti mbili zilizo mbali, altaneta ina sikio moja refu chini na sikio moja la kuvutia mkanda juu. Bamba la milimita 8 linatosha. Bamba jembamba linatikisika, na breketi inayotikisika inakata mkanda na baadaye inajikata yenyewe.

Jambo la kusimamia kwa ukali ni mstari wa puli. Chukua rula ndefu ya chuma, au uzi uliokazwa, uulaze kwenye uso wa puli ya injini mpaka puli ya altaneta. Uguse zote mbili bila mwanya na bila kupinda. Ukiona mwanya, tia washa au punguza, usikubali kuambiwa mkanda utajinyoosha wenyewe. Kisha mchomeleaji aishikize breketi kwa nukta mbili tatu, pima tena, ndipo imaliziwe. Wakati wa kuchomelea altaneta iwe chini, haijafungwa.

Fanya na hesabu ya mwendo. Pima kipenyo cha puli ya injini, gawanya kwa kipenyo cha puli ya altaneta. Sentimita 15 kwa 6.5 ni karibu 2.3. Injini ikiwa kwenye mizunguko 500 kwa dakika, altaneta inazunguka 1,150, na hapo ndipo inapoanza kuamka. Injini ikiwa 1,500, altaneta iko karibu 3,450 na inachaji vizuri. Kama hesabu yako inatoka chini ya 2, tafuta puli ndogo zaidi kwa altaneta.

Mkanda uliokazwa sawasawa, ukiusukuma kwa dole gumba katikati ya puli mbili unazama kama sentimita 1 hadi 1.5. Upande ambao altaneta inazungukia hauna madhara kwa kuchaji.

Nyaya za altaneta

Mgongoni mwa altaneta kuna bolti kubwa yenye herufi B, na soketi yenye herufi kama IG, S na L. Mpangilio wa vishimo vya soketi unatofautiana, kwa hiyo soma herufi za altaneta yako, usifuate rangi za waya za gari la jirani.

B inakwenda kwenye chanya ya betri kwa waya mnene, ikipitia fyuzi kubwa iliyokaa karibu na betri. S, ambayo kazi yake ni kupima volti za betri, inakwenda chanya ya betri kwa waya wake mwembamba na fyuzi ndogo. IG inatoka kwenye swichi ya funguo. L inatoka kwenye swichi pia, lakini lazima ipitie taa ya onyo.

Taa hiyo si pambo. Altaneta ikishaanza kuchaji, L nayo inatoa volti. Mtu akiunga L moja kwa moja kwenye waya uleule unaolisha koili, atazima funguo na injini itaendelea kunguruma, kwa sababu altaneta inailisha koili kwa njia ya nyuma. Nimewaona watu bondeni wakihangaika kulizima trekta kwa kulitia gia na kukanyaga breki, kumbe kosa ni kipande kimoja cha waya. Globu ya wati 3 inapitisha umeme mdogo tu, robo ya ampea, ambao hauwezi kuiendesha koili. Kama hutaki taa, tia dayodi ya ampea 1 kama 1N4007, mstari wake ukiwa upande wa altaneta. Lakini taa ni bora: ukiwasha funguo inawaka, injini ikishika inazimika, na ikiwaka ukiwa kazini unajua mkanda umekatika kabla betri haijaisha.

Ameta ya zamani yenye kipimo cha ampea 20 au 30 usiipitishe umeme wa altaneta ya ampea 55. Itaungua, nayo iko mbele ya uso wako juu ya tangi. Iache mahali pake bila waya, na ufunge geji ya volti pembeni. Geji ya volti inakueleza mengi zaidi: betri, altaneta na regulata kwa mara moja.

Koili

Koili ya volti 6 ina ukinzani wa karibu omu 1.5 au chini. Mfumo wa volti 12 ukiwa unachaji una karibu volti 14. Gawanya 14 kwa 1.5, unapata zaidi ya ampea 9 kupitia pointi ambazo zilitengenezwa kwa ampea 4 hivi. Pointi zitaungua weusi, na koili itachemka mpaka itoe mafuta. Hivyo ndivyo trekta linavyowaka vizuri asubuhi na kufia shambani saa tano.

Koili ya volti 12 isiyohitaji rezista ina karibu omu 3. Pima mwenyewe dukani kwa mita, kati ya vichwa viwili vidogo, kwa sababu kuna koili za volti 12 zenye omu 1.5 ambazo zimekusudiwa kufungwa na rezista, na kwa nje zinafanana. Ukiamua kuibakisha koili ya zamani, weka rezista ya kauri ya omu 1.5 kati ya swichi na koili. Rezista hiyo inageuza zaidi ya wati 25 kuwa joto, kwa hiyo ifunge kwenye chuma, mbali na bomba la petroli na mbali na waya mwingine wowote.

Ford za mwanzo zina koili ya mraba iliyokaa juu ya distributa. Hiyo ina toleo lake la volti 12. Koili ya duara haiwezi kuingia pale.

Kwa hasi kwenye bodi, kichwa cha chanya cha koili kinatoka kwenye swichi na cha hasi kinakwenda kwenye distributa. Ukigeuza, injini itawaka lakini cheche itakuwa dhaifu, na utaiona shida injini ikiwa moto. Pointi, kondensa na plagi ziache. Kama pointi zimechakaa zibadilishe sasa, kwa kuwa mkono wako uko pale tayari.

Stata

Stata ya volti 6 inafanya kazi kwenye volti 12. Inazunguka kwa kasi na injini inashika upesi. Hatari yake ni mbili. Gia yake inalipiga gurudumu la injini kwa nguvu, na gia iliyochakaa au spring iliyolegea inaweza kuvunjika. Kwa hiyo ishushe stata, isafishe, kagua meno na kaboni. Ya pili ni joto. Usiishike zaidi ya sekunde 5, na kama haikushika, subiri dakika moja kabla ya kujaribu tena. Trekta lenye injini nzima linawaka chini ya sekunde 2, na likihitaji zaidi ya hapo tatizo liko kwenye petroli au cheche.

Usimpe kijana anayejifunza trekta mpaka ameelewa hilo. Stata yenyewe haitamwambia.

Rilei ya volti 6 ni lazima itoke. Koili yake ikipata volti 12 inaungua, au vyuma vyake vinagandana na stata inabaki imeshika hata ukiachia kitufe. Mafundi wanaofunga mota upya wanaweza pia kuzibadilisha koili za pembeni za stata ziwe za volti 12, na kama stata yako inafunguliwa kwa sababu nyingine, waulize bei.

Athi

Hapa ndipo ninaomba usiwe na haraka. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae kama sarafu mpya, mahali ambapo kebo ya hasi inakaa, upana wa washa yote. Mahali pazuri ni bolti inayoshikilia stata, kwa kuwa umeme wa stata hauna haja ya kutembea trekta zima. Tia washa yenye meno, kaza, ndipo upake girisi juu. Girisi inakuja baada ya kukaza. Kisha vuta waya wa athi kutoka altaneta hadi hapohapo, na mwingine kwenda kwenye taa za mbele. Usitegemee bolti zenye rangi na kutu zikupitishie umeme wa taa.

Kujaribu kabla ya kuwasha

Usiifunge betri moja kwa moja. Funga kebo ya chanya kwenye betri, kisha chukua globu ya volti 12, wati 21, iliyounganishwa nyaya mbili. Waya mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye kebo ya hasi ambayo bado iko hewani. Swichi zote ziwe zimezimwa. Globu isiwake. Ikiwaka kwa mwanga kamili, kuna waya unaogusa bodi, na globu imekuokoa na moto. Ng'oa fyuzi moja moja mpaka izime, utakuwa umelijua tawi lenye kosa. Ikiwa shwari, washa funguo: globu ina haki ya kuwaka sasa, kwa sababu altaneta na koili vinavuta umeme.

Ondoa globu, funga kebo ya hasi, washa. Weka mita kwenye vichwa vya betri. Kabla ya kuwasha usome karibu 12.6. Stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwa kwenye mwendo wa kazi usome kati ya 13.8 na 14.4. Ikizidi 15 zima mara moja, regulata ni mbovu. Ikibaki 12.5, anza kwa kuangalia kama taa ya onyo iliwaka ulipofungua funguo. Kama haikuwaka, L haipati umeme.

Kipimo kimoja zaidi ambacho wengi wanakiruka: mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na kwenye chuma cha injini, mwenzako azungushe stata. Isizidi volti 0.5. Ikizidi, rudi kwenye athi.

Mwishowe liache trekta lingurume nusu saa, kisha gusa koili. Joto la kuweza kuishika ni sawa. Kama mkono unaruka, pima tena omu.

Baada ya hapo

Andika kwa rangi karibu na betri: VOLTI 12, HASI KWENYE BODI. Trekta litakapouzwa au litakapofika kwa fundi mwingine, maandishi hayo yatamzuia asifunge betri kwa mazoea ya zamani. Usitoe kebo ya betri injini ikiwa inafanya kazi, hata kama ulizoea kufanya hivyo wakati wa dainamo. Altaneta inarusha volti za ghafla na dayodi zinakufa. Plau ikivunjika na ikahitaji kuchomelewa ikiwa imefungwa kwenye trekta, toa kwanza kebo ya betri na waya wa B. Kila baada ya kuburuga, safisha tope kwenye altaneta kwa maji ya kumwagia, usiipulizie kwa mpira wenye nguvu. Vichwa vya betri vipake vaselini, na maji ya betri yaangaliwe kila mwezi. Trekta likilala msimu mzima, paneli ndogo ya jua ya volti 12 yenye kidhibiti chake itaiweka betri hai. Betri ya zamani mpelekee mnunuzi wa betri chakavu. Asidi yake isimwagwe karibu na kisima wala bondeni.

Kwenye boksi la spana weka seti moja ya pointi, kondensa, fyuzi za kila ukubwa, globu ya majaribio ikiwa na nyaya zake, na mkanda wa akiba uliopimwa urefu wake kwa puli mpya, kwa kuwa mkanda wa namba ya zamani hautaingia tena.